Nilichoandika Juu ya Shingo ya Byamungu

Nakivale, karibu na Base Camp

Mdogo wangu Furaha,

Nakusalimu nikiandika nimelala, usishangae mwandiko. Magoti yako yamepoa? Maji ya ziwa yamewaachia mashamba safari hii? Mimi mchana kutwa niko chini ya blanketi, lakini akili ni nzima, na nina hasira ambazo sitaki kuzikwa nazo.

Ule uvimbe wa shingoni niliokuambia kwa simu si kifua kikuu. Miezi sita nilimezeshwa dawa za kifua kikuu hapa kambini bila mtu kukata hata kipande cha tezi. Nilipomuuliza tabibu ameona vijidudu gani, alinijibu mbele ya foleni nzima: "Mzee, wewe ni mkimbizi ama ni dokta? Meza dawa." Watu wakacheka. Nikameza, mimi niliyezeekea kwenye hadubini ya maabara!

Tezi ilipoanza kunikaba koo ndipo nikapewa karatasi ya kwenda Mbarara. Huko walikata kipande, kikapelekwa Ulaya kupimwa. Fikiria, Furaha: nyama ya shingo yangu imepokelewa Ulaya, na mimi mwenyewe nimeomba kuhamishiwa huko tangu nifike hapa, sijajibiwa hadi leo.

Majibu yaliporudi, daktari, binti wa Kinyankore, alinifungulia picha kwenye kompyuta. Walikuwa wametia katika seli zangu vipande vya vinasaba vyenye rangi inayong'aa, ambavyo hujishika mahali pake kwenye kromosomu.

"Mzee wangu, hii nyekundu na hii kijani inafaa kukaa pamoja," alisema. "Zako zimeachana. Kromosomu imekatika."

"Kama bwana na bibi waliogombana?"

"Hawa hawarudiani, mzee." Akacheka, kisha akanitajia ugonjwa.

Ni limfoma, saratani ya tezi, ya aina ile inayokimbia. Dawa ingefaa mapema; sasa mwili wangu hauiwezi. Nilitaka kumlaani yule tabibu kwa sauti, mwizi wa miezi yangu sita. Mdomo ulikataa, kwa sababu jambo hilohilo nilimfanyia mume wako.

Unakumbuka nilimtoa Byamungu maji ya tezi kwa sindano, pale hospitalini petu. Nilitia rangi, nikatazama asubuhi nzima. Sikuona hata kijidudu kimoja cha kifua kikuu. Niliona seli kubwa zimerundikana, nisizozijua. Nilipaswa kuandika "sijui" na kumpeleka mbele, hospitali kubwa zaidi. Niliona haya, mimi fundi wa maabara ninayesifiwa, kuandika neno hilo. Nikaandika: vijidudu vimeonekana. Nikatia sahihi.

Siwezi kuapa kwamba alikuwa na ugonjwa huu wangu. Ninaloapa ni kwamba niliandika uongo, akameza dawa zisizo zake mpaka akafa.

Na kwenye matanga kaka yake mkubwa alisimama, ameshika ile karatasi yangu ya majibu: "Tuberculose, hii kifua kikuu, inaponaka! Bantu mingi banapona. Huyu muke alimutilia karuho." Walikufukuza kwa karuho, sumu ambayo haikuwepo, wakabaki na watoto wako wawili. Mimi nilikuwa nimekaa fasi ileile, kwenye benchi, nakula ugali wa msiba. Nilijua. Sikufungua kinywa. Umewakasirikia wakwe miaka yote hii. Walau nusu ya hasira hiyo ilikuwa mali yangu.

Sikuombi msamaha. Nakuomba uvae kitenge chako kizuri, uende na mchungaji kwa shemeji mkubwa, umpe barua hii aisome kwa sauti mbele ya ukoo. Akisema imeghushiwa, atoe ile karatasi ya hospitali aliyokuwa akiwaonyesha watu. Alinganishe sahihi.

Msalimie dada yetu mkubwa, na mama mkwe wako kama bado anasikia. Wasalimie sana watoto wako wawili, ambao sasa ni watu wazima. Waambie mjomba wao amesema kwamba mama yao hakuua mtu.

Kaka yako,
Lubunga