Mchuzi Wako na Sifa Zao za Kiitaliano

Mama yangu,

Tangu tukuzike Kapolowe nimemaliza shule na kuchukua nafasi yako jikoni, katika mgahawa uleule wa Kiitaliano hapa Likasi. Aproni yako imenizidi. Naikunja mara mbili.

Wateja ni walewale. Wanashuka kwenye magari ya machimbo wakiwa wamejifunza maneno matatu ya Kiitaliano ya kusifu chakula: "Buonissimo! Squisito! Complimenti!" Jumapili direkta mmoja wa machimbo alipaza "squisito" uma ukiwa bado mezani. Alikuwa hajaonja! Mkewe akaitikia vilevile, wakajipiga picha.

Kisha patron, mwenye mgahawa, anatoka na aproni nyeupe isiyo na doa, anashika kifua, anainama kushukuru. "Grazie, grazie." Mtu asiyejua kuchemsha yai! Miaka kumi na moja alipokea sifa zako, nawe uko nyuma ya mlango, macho mekundu kwa vitunguu. Nilipokasirika ulicheka tu: "Baache basifu, mutoto. Weye angaria mafuta isiungue."

Mimi siwezi kucheka, Mama. Nyumbani kwetu aliyeshiba humfuata aliyepika, humwambia aksanti usoni, hata kama ni bukari tu, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Hawa wanasifu ili meza ya jirani isikie.

Sasa patron ameandika mchuzi wako wa samaki kwenye menyu: "Mchuzi wa Patron." Akaniambia, "Petite, mtoto, utanionyesha namna mama alikuwa anaupika." Nikaendelea kuupika mwenyewe, kichwa chini, unavyonijua.

Jana walipoanza tena kelele zao, nilitoka. Mikono yangu ilinuka samaki. Nikasema, "Aksanti. Huo mchuzi ni wa Mama Mwadi, mama yangu. Amekufa."

Hata pole sikupewa, Mama. Yule direkta wa Jumapili akaangalia sahani yake, akasema, "Mutoto, rudia jikoni." Patron akacheka, akawaeleza kwamba huzuni imenipanda kichwani.

Baadaye akanipa maneno yake: nimwonyeshe mchuzi kabla ya Jumamosi, au nisirudi.

Sirudi. Hao watasifu chochote watakachowekewa, hata maji ya kuoshea sahani.

Nakuahidi, mchuzi wako nitawafundisha wadogo zangu peke yao, na kila nikiupika nitasema ni wa nani kabla mtu hajanawa mikono. Nitasema kwa sauti, Mama. Jana nimejua kwamba ninayo.

Pumzika sasa.

Binti yako,
Mwadi