Mkanda wa Baba Uko Kwenye Foleni

Nukuʻalofa, Agosti

Kwako Dada Lesieli,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko Auckland na baridi yenu? Shemeji na watoto wazima? Sisi tupo, ila goti la Mama linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nahangaika kama kawaida: asubuhi nauza viazi vikuu, mchana nakodisha mahema. Watu wafe, watu waoane, hema ni langu.

Dada, zile filamu za duka la Baba la kukodisha kanda nimezihamisha. Nimenunua kompyuta kuukuu, nikaitia diski kubwa; aliyeniuzia anaiita seva. Iko jikoni juu ya kabati, inapepewa na feni, na runinga ya kila chumba inavuta filamu kutoka kwake bila waya. Mama kauliza hilo sanduku linakoroma mchana kutwa, limechoshwa na kazi gani? Shule unajua niliiachia darasa la sita, basi majina nimeandika kama wateja walivyoyaita: Yule wa Sharubu, Farasi Anakufa, Ya Kulia Sana ya Pili. Ziko mia mbili na kumi na nne.

Ukija Krismasi utatazama chumbani kwako, mimi kwangu, filamu ileile, na hakuna atakayesema kaka na dada wamekaa pamoja mbele ya mabusu. Unakumbuka enzi zile? Runinga moja tu, na kwa mila yetu kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja kuitazama. Wewe ndani mkekani na Mama, mimi nje, pua kwenye vioo vya dirisha. Likija busu Baba anakohoa kama lori, ili hata mimi wa nje nijue kutazama miguu yangu. Nilikuwa nacheka, lakini mvua ilikuwa inanichapa mgongo.

Kwenye simu umeniuliza mara tatu kama mkanda wa Baba umeingia, ule aliopiga mjomba Jumapili ya watoto, Baba akiimbisha kanisani. Nikakujibu uko kwenye foleni. Nilidanganya, Dada. Niliufuta mimi, nikiwa na miaka kumi na tatu. Siku mliyoutazama mlikuwa ndani mnapiga makofi, mimi nje nimelowa. Nikaona wivu. Wiki iliyofuata nikarekodi raga juu yake. Baba alikuwa hai. Sikujua sauti ya mtu inaweza kuisha.

Raga ikimalizika zimebaki sekunde kumi na moja. Baba anafuta jasho, anacheka, anamwambia mjomba azime hiyo kamera wakale. Basi.

Mama nimeshamwambia. Kaniita kichwa cha nguruwe, kaninunia siku mbili. Sasa kila akimaliza chai anawasha mkanda ule toka mwanzo. Nimemwonyesha pa kubonyeza arukie mwisho, hataki. Anasema baba yetu hajawahi kuitwa akaja haraka. Anatazama raga yote, anamngoja. Jana nimemkuta anamtukana refa.

Kwetu dada ndiye mkubwa, kaka hana ubishi. Nihukumu utakavyo, ila niandikie, usipige simu. Sauti yako nitaiogopa. Mama anakubusu mashavu yote mawili.

Mimi kaka yako mkosaji,
Lopeti