Jina Fupi Lililomkwamisha Nyabise Butiama

Jumatano, Musoma. Jua kali, upepo wa ziwa unaleta vumbi hadi mezani. Moyo mzito.

Leo nimemkosesha mtu nafasi. Niseme tu, nikikaa nalo litanila.

Nyabise ni mwanafunzi wetu wa uuguzi, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo tawi la chuo la Butiama. Saa nne asubuhi alikuwa na usaili wa ufadhili kwa njia ya mtandao. Saa tatu akanipigia mimi, fundi wa kompyuta: mtandao wa chuo unamkataa. Nikamwambia anakosea paswedi.

"Kaka, naandika vilevile ninavyoandikaga huko Musoma."

"Basi andika taratibu!" Nikakata simu, nikarudi kwenye chai yangu.

Akapiga tena mara tatu. Ya mwisho alikuwa analia, usaili umeshapita.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za seva, kompyuta inayoruhusu watu kuingia mtandaoni. Maombi yake ya kuingia hayakufika kwetu hata mara moja. Utaratibu ni kwamba mtu wetu akiwa kwenye tawi la Bunda au la Butiama, seva ya kule inaiuliza ya Musoma, "Huyu ni wenu?" Tukikubali, anapita. Lakini ili iulize, lazima jina la kuingilia liishie kwa anwani ya chuo, kama barua pepe.

Na ni mimi niliyeiondoa hiyo anwani. Walimu walilalamika jina ni refu mno, nikawahurumia, nikaipanga seva ya Musoma ikubali jina fupi. Kikaoni nilipigiwa makofi, nikavimba kichwa. Bunda na Butiama sikugusa, wala sikumwambia mtu.

Jamani! Huku kwetu ukibisha hodi ugenini unaulizwa, wewe ni wa kwa nani? Mimi nikawazoesha watu kutembea bila kujitambulisha.

Kurekebisha kumenichukua dakika kumi. Dakika kumi tu.

Mkuu wangu anataka tuwaandikie wasaili kuwa ilikuwa "hitilafu ya mtandao", yaishe. Nimekataa. Sentensi hiyo huandikwa hata na waliolala wakapitiliza. Nimeeleza nilichofanya, nikaweka jina langu na cheo changu, nikaomba wampe siku nyingine. Mkuu amenuna.

Kisha nikampigia Nyabise kumwomba radhi. Akasema, "Asante kaka," akakata simu.

Majibu bado. Wakikataa, mimi kesho nitaamka, nitaoga, nitakwenda kazini kama kawaida.

Yeye je?