Gauni la Njano la Kila Jumatano

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu Mungu akuite, na kola za watu mtaani zimepinda, hakuna wa kuzinyoosha.

Ulikuwa dobi hasa. Ulijaza maji mdomoni ukayapuliza juu ya shati kama ukungu, kisha pasi ya mkaa ikapita mara moja tu. Ulichokikuta mfukoni mwa mteja, hata kifungo, ulikifunga kitambaani ukamrudishia. Nyumbani ulikuwa mkimya. Nikikuuliza habari za kazi unasema, "Kazi ni jasho, mke wangu. Niwekee chakula."

Kumbe maneno ulikuwa nayo. Ulikuwa unayapeleka Jumatano kwenye ukumbi wa nyuma ya zahanati, ambako muuguzi huwaletea wazee vitu vya zamani wavishike, wasimulie maisha ya enzi zao. Siku alipoleta pasi ya mkaa, naambiwa, uliongea mpaka chai ikapoa.

Baada ya msiba nilikwenda ukumbini kuchukua sweta lako. Wakanikalisha kwenye kiti chako. Kinyozi mstaafu akaanza kucheka.

"Shemeji! Ndiye wewe wa gauni la njano, la vifungo vyeupe! Siku ya kwanza kukuona aliduwaa mpaka pasi ikaunguza shati la watu!"

Mimi sijawahi kuwa na gauni la njano. Siku ile nilivaa la bluu, alilonipa dada yangu.

"Lilikuwa la bluu," nikasema.

"Aa, shemeji, mzee alisema njano. Kila mara njano."

Nikatupa macho. Mshonaji, yule mwenye miwani ya kamba aliyekaa jirani na kiti chako, alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nikajua. Mke anajua.

Mume wangu, wivu ulinikaba. Nikipiga magoti kusali, nao unapiga magoti pembeni yangu. Picha yako niliigeuzia ukutani. Watoto wakauliza, "Mama, Baba kafanya nini tena, na yuko kaburini?"

Jumatano iliyofuata nikarudi, nikamvuta mshonaji kando.

"Dada, gauni la njano la nani?"

"Langu. Enzi hizo nilikuwa namletea afue. Alichanganya tu, ndugu yangu, uzee huo. Mimi mwenye gauni alinisahau kabisa. Anayeingia mlangoni kila akisimulia ni wewe: mrefu, mwenye mwanya, unamgombeza kwa kuchelewesha mashuka."

Mashuka ni kweli. Nilikugombeza.

"Mbona hukumsahihisha?"

Akavua miwani. "Alikuwa analisimulia vizuri mno. Na hakuna mwingine aliyewahi kulikumbuka."

Tulikunywa chai.

Siku hizi naenda mimi. Kiti chako nakikalia mimi, asije akakikalia mtu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo; wanao, fundi bomba na mwalimu wa chekechea; mkweo; dada yako mkubwa, ambaye bado anakuita Kichwa Maji; na wajukuu wote, hadi huyu mdogo uliyemwacha tumboni. Watoto walitaka nimwandike na mshonaji. Nimekataa, hili ni tangazo la familia. Gauni nimemwachia. Wakilisimulia la njano, nanyamaza.

Wewe simwachii mtu.

Kwetu husahauliki.