Mkulima wa Mheshimiwa Tillotson

Norden Falls, Wisconsin
Juni 8, 2014

Mwanangu Marit,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Washington halijakuyeyusha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, ila si kama ninavyolalamika mimi.

Nimemwona bosi wako kwenye televisheni, mara tatu kabla sijamaliza uji. Kavaa shati la kazi lenye mikunjo ya dukani, na kambeba ndama kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake wakati nepi imeshajaa. Halafu anasema, "Mimi ni mtoto wa udongo huu." Udongo upi? Baba yake alikuwa daktari wa meno. Udongo aliougusa Royce Tillotson ni wa chungu cha maua cha mama yake, basi.

Usidhani mpinzani wake kwenye uchaguzi wa Novemba ana nafuu. Bi Lorna Kessenich anazunguka na basi lililoandikwa "Lorna Anasikiliza". Alifika kwenye ukumbi wa kanisa letu akasikiliza dakika nne, akahutubia hamsini. Jirani yetu Verlyn alinyoosha mkono mpaka ukaingia ganzi.

Lakini kilichonikera kupita vyote ni ule msemo wa bosi wako: "Mkono wenye sugu hausemi uongo." Nani anawaandikia watu hawa? Mimi nina sugu tangu nina miaka tisa, na marehemu mama yako nilimdanganya kuhusu kila trekta niliyonunua. Aliyeandika maneno hayo hajawahi kushika koleo maishani mwake.

Wewe endelea kujibu barua za wananchi. Hiyo ni kazi ya heshima.

Baba yako


Washington
Juni 17, 2014

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila usingizi sipati wa kutosha. Hilo goti lipeleke kwa daktari, usilifanyie mzaha. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu husikii, unajibu ulichokisia.

Baba, huyo asiyewahi kushika koleo ni mimi.

Tangu Machi sijibu tena barua za wananchi. Naandika hotuba za mheshimiwa. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nini, na sasa umeshasema. Na koleo nimelishika, tena lako, kila alfajiri kabla ya basi la shule, kwa miaka kumi.

Mcheke utakavyo, lakini si mtu mbaya. Ni mtu wa kwanza katika mji huu aliyeniuliza watu wa kwetu wanaishije, akakaa kusubiri jibu. Nami nakuuliza wewe: mnaishije? Mbona barua zako siku hizi zimejaa televisheni, na humo hamna hata ng'ombe mmoja?

Binti yako,
Marit


Norden Falls
Juni 29, 2014

Mwanangu Marit,

Natumaini hujambo na umeanza kulala. Verlyn anakusalimu. Goti nimelipeleka, daktari kasema ni la zamani, jambo ambalo nilikuwa nalijua.

Kuhusu koleo, nisamehe. Kuhusu ule msemo siombi msamaha. Ni mbaya, hata kama umetoka kwa damu yangu.

Umeuliza ng'ombe. Hawapo. Niliwauza Aprili, wote arobaini na watatu. Kiwanda cha jibini kilituandikia kwamba lori lao la maziwa halitapita tena kwa mfugaji mwenye ng'ombe chini ya mia. Usihangaike kutafuta wa kumlaumu. Ile sheria ya maziwa iliyowapendelea wafugaji wakubwa ilipita zamani, vyama vyote viwili vikaipigia kura, na bosi wako alikuwemo. Na mimi nina miaka sabini na moja.

Siku ya kuchukuliwa walipanda lori la mnunuzi vizuri, isipokuwa Hilda. Alisimama mlangoni akanigeukia, akanitazama kama kwamba kuna jambo nimesahau kumwambia. Dereva akasema, "Mzee, msukume wewe, mimi hanijui." Nikamsukuma.

Lori lilipokata kona nilikwenda nyuma ya banda nikalia, Marit. Nililia kwa sauti, nimeshika ukuta. Sikulia hivyo hata tulipomzika mama yako, maana siku ile kulikuwa na watu. Nikarudi ndani ya banda nikazima mashine ya kukamulia, ingawa haikuwa inawaka.

Kwamba niliuza, wilaya nzima inajua. Kwamba nililia, hajui mtu, hata Verlyn. Nimekwambia kwa sababu umeuliza, na kwa sababu ni wewe. Kurasa zimefika nne. Sijaandika barua ndefu hivi tangu nilipokuwa jeshini.

Baba yako


Washington
Julai 21, 2014

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Samahani nimechelewa, kampeni imetukaba koo. Pole sana kwa ng'ombe. Tutaongea vizuri mambo yakitulia. Mheshimiwa atakuja huko kwenye maonyesho ya kilimo mwezi ujao. Nenda ukamsikilize, huenda ukabadili mawazo.

Marit


Norden Falls
Agosti 17, 2014

Marit,

Mimi mzima. Hali yako nitaiuliza siku nyingine.

Nilikwenda kwenye maonyesho kama ulivyoniambia. Nilikaa safu ya tatu na Verlyn, tukiwa na jibini letu la kukaanga. Bosi wako akapanda jukwaani, akasifu nguruwe, akasifu wanajeshi, akamsifu Mungu, kwa mpangilio huohuo. Halafu akashusha sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "nina rafiki yangu mkulima, wa wilaya hii hii. Aprili aliuza ng'ombe wake arobaini na watatu. Mmoja alikataa kupanda lori, akamgeukia. Na yule mzee, mwanamume wa shoka, akaenda nyuma ya banda akalia, ameshika ukuta. Akaniambia, 'Royce, Lorna Kessenich na wenzake wameninyang'anya ng'ombe wangu. Usikubali wakuondoe na wewe.'"

Marit, katika wilaya hii mtu aliyeuza ng'ombe arobaini na watatu mwezi wa Aprili ni mmoja tu. Vichwa viligeuka safu baada ya safu. Verlyn akaacha kutafuna.

"Harlan," akaninong'oneza, na unamjua Verlyn, akinong'ona husikika hadi kwenye mabanda ya kuku, "kumbe wewe na mheshimiwa ni maswahiba?"

"Sijawahi kuonana naye."

"Sasa kajuaje?"

Nikajaza jibini mdomoni.

"Na kulia je? Ulilia?"

"Verlyn, kula."

Bi Ardis wa kwaya akanishika bega kwa nyuma, akanipa leso yake. Sikuhitaji leso. Nilihitaji ardhi ipasuke.

Lori la maziwa lilisimamishwa na kiwanda. Wakati sheria ile inapita, Lorna Kessenich alikuwa anafundisha hesabu darasa la saba. Aliyenyoosha mkono kuipitisha ni Royce Tillotson mwenyewe! Na sasa analia kwa machozi yangu.

Nieleze.

Harlan Brekke


Washington
Agosti 26, 2014

Baba mpendwa,

Umetia sahihi kwa jina lako kamili, kama mtu anayeiandikia idara ya kodi. Nimeistahili.

Kwenye hotuba niliandika "mkulima mmoja" tu. Idadi sikuandika, wala mwezi, wala jina la Lorna. Lakini tulipokuwa garini aliniuliza, "Hii ni kweli?" Nikasema kweli. "Ng'ombe wangapi? Lini?" Nikamjibu, kwa sababu alikuwa akisikiliza kwa makini kabisa, na mimi nilifurahi kusikilizwa. Yale ya "Royce, usikubali" kayatunga mwenyewe palepale jukwaani. Nilimkabili. Akaniambia, "Marit, watu hawakumbuki sheria. Wanakumbuka ng'ombe."

Sasa kuna jambo ambalo naona aibu hata kuliandika. Kura za maoni zimempandisha. Bi Goss, anayeendesha kampeni, anataka kisa hicho kiwe tangazo la televisheni. Anakutaka wewe mwenyewe, mbele ya banda. Nilisema nitakuuliza. Basi, nimeuliza.

Binti yako,
Marit


Washington
Septemba 19, 2014

Baba,

Sijapata jibu, na posta ya Norden Falls haijawahi kuchukua wiki tatu. Nimemwambia Bi Goss umekataa. Akasema, "Hakuna shida, tutatafuta mzee mwingine na banda jingine." Tangazo walilirekodi jana. Yule mzee ni mwigizaji wa Chicago, kamshika ng'ombe mkia.

Nimempigia Verlyn. Anasema upo, unapaka banda rangi, na huzungumzi. Tafadhali niandikie hata matusi.

Marit


Norden Falls
Oktoba 12, 2014

Marit,

Natumaini hujambo. Banda limekwisha, ni jekundu upya, na sina habari ni kwa ajili ya nani.

Tangazo nimeliona. Tumeliona wote. Ng'ombe mwenyewe ni wa nyama, si wa maziwa. Wametafuta Marekani nzima wakakosa hata ng'ombe anayefaa.

Jumatano kulikuwa na mdahalo pale shule ya sekondari. Bosi wako alisimama mlangoni kupokea watu. Akanipa mkono.

"Royce Tillotson. Nafurahi kukufahamu, bwana. Unatoka wapi?"

"Hapa hapa."

"Safi sana. Na unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa na ng'ombe."

Akanipigapiga bega, macho yake yameshamfikia mtu wa nyuma yangu.

Wakati wa maswali nikapanga foleni kwenye kipaza sauti. Goti likanitukana njia nzima. Nikasema, "Mheshimiwa, yule rafiki yako aliyeuza ng'ombe anaitwa nani?"

"Bwana, naheshimu siri yake."

"Basi nakupa ruhusa. Ni mimi. Tumefahamiana pale mlangoni, kama dakika ishirini hivi zilizopita."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikadhani nimemweza. Unajua alifanya nini? Alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ndugu zangu, huu ndio ujasiri wa watu wa wilaya hii!" Wakapiga makofi. Walewale waliocheka wakapiga makofi, Marit! Bi Kessenich naye akapiga, asije akaonekana hapendi wakulima. Hata Verlyn alianza, nikamtazama, akaacha.

Kesho yake asubuhi vijana wawili wa Bi Kessenich wakanigongea mlango, wana kamera. "Bi Lorna angependa kukusikiliza." Nikawaambia asikilize akiwa hukohuko kwenye basi.

Nimechoka na hawa watu. Huyu anasema uongo kwa sauti ya chini, yule anasema ukweli kwa dakika hamsini mpaka unautamani uongo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeniumiza. Siwajui, hawanijui.

Nilikuandikia kurasa nne. Ulinijibu mistari michache, na mmojawapo ulikuwa tangazo la maonyesho. Nilijiambia, mtoto ana kazi nyingi, hakupata nafasi ya kuzisoma. Kumbe ulizisoma vizuri mno.

Baba


Washington
Novemba 9, 2014

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijui nikoje.

Umeshasikia ameshinda, tena kwa kura nyingi. Kwenye hotuba ya ushindi alikisimulia tena kile kisa chako. Sasa mkulima ni yule "aliyesimama mbele ya umma kunishika mkono". Mama mmoja kando yangu alikuwa akilia kweli. "Mungu ambariki yule mzee," akasema.

Nikamwambia, "Ni baba yangu, na haikuwa hivyo."

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Usituharibie," akasema.

Ijumaa niliacha kazi. Sikuacha kwa ajili yako, sitaki ubebe mzigo huo. Niliacha kwa sababu wakati anausema uongo ule, nilijikuta kichwani nampangia pa kuvuta pumzi ili unoge zaidi.

Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama kwenye korido. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso. Kisha nikarudi mezani nikainakili, kwa sababu wiki ile hakukuwa na maneno mazuri kuliko hayo katika ofisi nzima. Kumjibu baba anayelia sikujua. Kuandika hotuba nilijua. Nikafanya ninachokijua.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka tu kuuliza nilichopaswa kuuliza Julai. Siku ile, lori lilipokwisha ondoka, ulikula nini? Nani alikuwa nawe?

Binti yako,
Marit


Norden Falls
Novemba 15, 2014

Mwanangu Marit,

Hujambo? Mimi sijambo. Huku theluji imeanza.

Nilikula mayai mawili, kwenye kikaango hichohicho nilichokaangia, nimesimama. Hakuwepo mtu.

Verlyn aliuliza niliuza kwa bei gani. Bi Ardis aliuliza kama nimeomba. Wagombea wote wawili waliniuliza kama ninaweza kusema hayo mbele ya kamera. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza hilo.

Nauliza na mimi: huko kwenye mji ule, siku ulipoacha kazi, nawe ulikula nini?

Baba yako