Shangazi Hajafa

3 Mei

Mwanangu,

Hujambo wewe na mwenzako wa chumba? Sisi wazima, ila kikohozi cha baba yako hakijaisha tangu mafuriko. Maji yameondoka na zizi na ng'ombe watatu, mmoja wao Shangazi, yule mwenye mimba aliyezoea kulia dirishani alfajiri kama mgeni aliyecheleweshewa chai. Bwana mifugo aliwaandika wamekufa, na fidia ya serikali imeingia kwenye simu. Nimekutumia yote. Nunua cherehani. Usibishane nami, zizi baba yako atalijenga kwa miti iliyoangushwa na maji.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Baba anywe dawa, aache ukaidi. Cherehani nimenunua! Fundi mwenye duka amenipa nafasi karibu na dirisha, na nimepata oda ya sare za shule. Jana mteja aliita "fundi", nikageuka kuangalia anaitwa nani. Kumbe mimi. Namkumbuka Shangazi.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na ukae kitako. Shangazi amerudi. Juzi alfajiri nilisikia kelele dirishani, nikamwambia baba yako, "Hata mzimu wake hauna adabu." Amekonda, mimba ipo, shingoni ana kamba ya mtu nisiyemjua.

Sasa homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia kijiji cha pili. Bwana mifugo atachanja tarehe kumi, kwa namba za hereni za masikioni. Namba ya Shangazi inasema amekufa. "Mama, siwezi kuchanja marehemu," ameniambia. Ili afutwe kwenye orodha ya waliokufa, fidia yake irudi kwanza. Jirani naye wawili wake wamerudi. Amewaficha nyuma ya mahindi, ananishauri nifanye vivyo hivyo. Nimfiche Shangazi? Na mdomo ule?

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Mama yako

6 Juni

Mama,

Shikamoo. Baba anapumua vizuri? Angalia simu yako. Muuzaji ameipokea cherehani, akakata kidogo kwa kuwa imetumika. Sare nitamalizia kwa cherehani ya fundi, anapokwenda kula mchana. Usinipigie kunigombeza. Mpeleke Shangazi awe wa kwanza kwenye foleni.

Binti yako

14 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Baba yako hakohoi tena. Nimechelewa kuandika, mambo yametuzidi huku. Shangazi alichanjwa wa kwanza, akampiga bwana mifugo teke. Marehemu gani huyo?

Jirani amepoteza wote wawili. Hana pa kulalamika. Serikali ilishamlipa kwa kufa kwao. Baba yako alichimba naye shimo kutwa nzima. Jioni niliwapelekea maziwa, maana Shangazi amezaa, ndama jike. Jirani alipokea kikombe kwa mikono miwili, akauliza, "Ya marehemu haya?" Tukacheka wote. Kisha akalia, tukamwacha alie.

Maziwa nauza kila asubuhi. Sehemu yako naiweka kando, na baba yako haruhusiwi kuigusa hata akipandwa na hamu ya tumbaku. Itachukua muda. Mwambie fundi ile nafasi ya dirishani asimpe mtu.

Mama yako