Kanda ya MC Mkonge

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Leo nimezungusha kanda kumi na tisa kwa kalamu ya biki. Deki ikirudisha kanda inachakaza mpira wake wa ndani, kwa hiyo tunarudisha kwa mkono. Kidole kinauma. Sijali. Sefu alikaa upande wa pili wa banda akiandika orodha za wateja, na kila nikiinua macho nakuta ananitazama. Wiki ya sita ya ndoa. Mama aliniambia nitazoea. Sitaki kuzoea.

Banda letu liko sokoni hapa Handeni mjini, katikati ya muuza viatu vya tairi na muuza mbegu. Mteja analeta majina ya nyimbo, sisi tunamrekodia. Kanda tupu zikiadimika tunarekodi juu ya zile kuukuu. Sefu kanifundisha kila kitu. Mgongoni mwa kanda kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, deki inakataa kurekodi juu yake, wimbo umelindwa. Lakini ukikunja kipande cha karatasi ukaziba lile tundu, inakubali tena. Nilicheka kweli. Ulinzi wote huo unashindwa na karatasi ya daftari!

Nampenda mwanamume huyu. Hata namna anavyopuliza vumbi kwenye kichwa cha deki, polepole, kama anapoza chai ya mtoto.


Jumanne, 5 Agosti

Ugomvi bandani. Ugomvi mtamu, lakini ugomvi.

Wifi yangu Mwanaidi, mdogo wake Sefu, tunakaa naye. Anajifunza cherehani kwa fundi mmoja mtaa wa nyuma. Ana miaka kumi na minane na anajua kila wimbo wa bongo fleva unaopigwa redioni. Leo kaja na wimbo mpya, wenye kiitikio cha kubembeleza. Sefu kausikiliza mpaka nusu, kazima.

Akasema hii siyo hip-hop. Hip-hop ni kufoka. Mtu anasimama na maneno yake, hana kinanda cha kumficha. Hawa wa siku hizi wanalia mapenzi tu.

"Kaka, nyie mlikuwa mnapayuka Kiingereza ambacho hata mwalimu wenu alikuwa hakijui," Mwanaidi akamwambia. "Angalau hawa wa kwetu bibi anawaelewa."

"Hawa wa kwenu wanaimba taarabu wamevaa suruali pana."

Muuza viatu alicheka mpaka akadondosha kisu. Mimi nilikuwa nacheka pia, lakini nataka kujua. Nani mwenye haki? Mimi nilikua kijijini Kwaluguru na redio ya betri ya baba, na betri zilikuwa za taarifa ya habari. Hip-hop nimeikuta kwa Sefu kama nilivyokuta mswaki wake.

Ndipo akatoa siri. Mwaka 1992, nyumbani kwao Korogwe, aliitwa MC Mkonge. Alifoka kwa Kiswahili, siyo Kiingereza, na kanda ya kuthibitisha anayo. Mwisho wa wiki tunakwenda kumsalimia baba yao. Ataipiga pale mbele ya mzee, na mzee ataamua.

"Baba?" Mwanaidi kashika kiuno. "Baba atasema vyote kelele. Kwake yeye muziki uliisha magitaa ya dansi yalipoisha."

MC Mkonge. Mume wangu! Nimelitamka jina hilo peke yangu jikoni mara saba.


Jumatano, 6 Agosti

Nimewauliza wateja wote. Muuza mbegu: muziki wa zamani ulikuwa na adabu. Kondakta wa basi la Korogwe: wa zamani ulikuwa na hasira, wa sasa una pesa, na yeye anapenda pesa. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuja kurekodiwa nyimbo za kwaya kasema hashangai chochote. Wao tangu wakiwa morani wanasimama mbele ya wenzao na kujisifu kwa mashairi, ng'ombe wangapi, simba yupi. "Mmechelewa tu," akasema.

Nimeandika yote nyuma ya daftari la oda. Sefu kayasoma, kanibusu kipaji cha uso mbele ya watu. Handeni! Sokoni!


Alhamisi, 7 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Nilitaka kumfurahisha. Sefu alikwenda msikitini na mimi nikasema niitafute ile kanda, niifute vumbi, niibandikie karatasi safi yenye jina MC Mkonge kwa mwandiko wangu mzuri. Aliniambia iko kwenye boksi la chini, ya kijivu, haina maandishi, pembe moja imeungua na mshumaa.

Haipo. Nimetoa boksi zima. Haipo.

Halafu nikakumbuka ile pembe iliyoungua. Nimewahi kuishika.

Wiki mbili zilizopita Sefu alikwenda Korogwe kununua kanda tupu. Rehema, niliyesoma naye sekondari, akaja kutoka Kwaluguru, ana haraka, anataka bongo fleva sita za sherehe ya kaka yake. Kanda tupu hakuna. Nikachukua kuukuu. Ya kijivu. Vijino vyake vilikuwa vimevunjwa. Nikakunja karatasi nikaziba. Nilijisifu kwa ufundi wangu. Sikuisikiliza hata kidogo.

Ujana wa mume wangu nimeuziba na karatasi ya daftari.

Hana nakala. Hana picha ya miaka ile. Hiyo kanda ndiyo kitu pekee. Karudi msikitini akanikuta nimekaa katikati ya kanda sakafuni, akacheka, akaniuliza kama nataka kufungua duka langu. Sikumwambia. Mimi mwoga.


Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima, banda halijafunguliwa. Nimemwambia Sefu nakwenda Kwaluguru kumsalimia mama. Siyo uongo, mama nimemsalimia. Dakika kumi.

Rehema nimemkuta anapura mahindi. Kabla sijafungua mdomo kaanza yeye. "Na wewe! Kanda yako mwishoni ina mtu anafoka. Wimbo wa sita umeisha, watu bado wanacheza, mara kijana anaanza kugomba. Shangazi yangu alidhani ni jini."

Nilimkumbatia na vumbi lake lote la mahindi.

Kumbe nyimbo sita hazikufika mwisho wa upande ule. Nilipozima deki, kilichobaki kikabaki. Tumeiweka kwenye redio yake. Wimbo wa sita, kishindo cha mimi kuzima, halafu yeye. Sauti nyembamba, haijakomaa, inakimbia. Lakini ni yeye. Ningemjua hata chini ya maji. Mistari miwili tu:

Kesho ataamka saa kumi, miguu haijui,
itampeleka getini, na mlinzi hamjui.

Anayeamka ni nani? Geti gani? Yaliyotangulia nimeyafuta mimi. Baada ya hapo kimya kirefu, jogoo, kiti kinaburuzwa. Nilitaka kuzima. Sijui kwa nini sikuzima. Kisha sauti ya mtu mzima, mwanamume, karibu kabisa na redio: "Hapo umekimbia. Rudia."

Basi. Kanda ikaisha.

Nimeisikiliza mara tano. Mtu huyo ni nani? Rehema kanipa kanda, kwa ahadi kwamba nitamrekodia nyingine ya nyimbo nane. Nimerudi nimepakia kwenye lori la mahindi, kanda nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Nimemwambia Sefu mara tu nilipofika, kabla sijanawa uso. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema, "Sawa." Nikamwambia kuna kidogo kimebaki, asikilize. Akasema hataki kusikia mkia wa kitu. Akatoka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.


Jumamosi, 9 Agosti

Tumesafiri kwenda Korogwe. Vumbi njia nzima. Tumekaa kiti kimoja na hakusema neno mpaka tukaona mashamba ya mkonge. Mwanaidi nyuma yetu alidhani tumegombana kwa ajili ya nauli.

Sijawahi kumwona amenyamaza namna hii. Naogopa. Siyo kwamba ataniacha, hilo hapana. Naogopa kwamba kuanzia sasa atakuwa mpole kwangu. Mpole kama kwa mgeni aliyevunja sahani.


Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote, nisisahau hata kimoja.

Baba mkwe ni Mzee Mhina. Nilimwona siku ya harusi tu, nikiwa nimeinamisha kichwa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa korona, ile mitambo ya kuchambua mkonge, mpaka shamba lilipofungwa na wakapunguzwa wote siku moja. Anatembea wima kama bado anakaguliwa. Tulipofika jana nikampigia magoti, shikamoo baba. "Marahaba, mkamwana. Kaa."

Baada ya chakula Mwanaidi hakungoja. "Baba, leo unaamua kesi. Kaka alikuwa mwanamuziki au alikuwa mpayukaji?"

Mzee akasema kesi hiyo alishaihukumu zamani. Muziki ni gitaa, mtu mwenye sauti, na watu wawili wanacheza bila kukanyagana. Kufoka siyo wimbo. Na hizi za sasa ni kulialia. Mwanaidi kapiga makofi, kaka kashindwa, kisha akagundua na yeye kashindwa.

Sefu akasema kanda haipo tena. Imeharibika. Hakunitaja.

Hapo sikuvumilia. Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe mpaka aulizwe, najua, na nilisema. Nimeiharibu mimi, baba. Kimebaki kidogo. Naomba kisikilizwe. Nikaifungua kwenye pindo la khanga nikaiweka kwenye redio kubwa ya mzee mwenyewe, ya zamani, yenye mkanda wa ngozi.

Mistari miwili. Kimya. Jogoo. Sefu alinyoosha mkono azime, nikaushika mkono wake. Kiti kikaburuzwa.

"Hapo umekimbia. Rudia."

Mwanaidi akageuka kama aliyechomwa sindano. "Baba! Ni wewe!"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anaitazama redio kama imemkosea heshima. Sefu akasema siku ile alidhani baba kaja kuchukua redio yake, akatoka mbio bila kusikia neno. Na siku zote alizima kanda pale mstari unapoisha. Miaka kumi na moja hajawahi kuifikisha mwisho.

"Ulikuwa unakosa pumzi," mzee akasema. "Kila siku, nyuma ya jiko, palepale. Nilichoka kukusikia unakosa palepale."

Kisha akaanza. Hakufoka. Aliyasema polepole, anagonga mkono wa kiti kwa vidole viwili, mwendo wa dansi kabisa:

Korona imezimwa, king'ora hakilii,
baba karudi mchana, na kofia havui.
Kesho ataamka saa kumi, miguu haijui,
itampeleka getini, na mlinzi hamjui.

Na ukaendelea. Ubeti wa pili, wa tatu. Yote anayo. Sefu mwenyewe alikuwa ameisahau nusu, nilimwona midomo yake inafuata nyuma kama mwanafunzi.

Mwanaidi akauliza kwa sauti ndogo kwa nini basi baba alikuwa anaita kelele.

"Wimbo unaotangaza mtaani kwamba baba yako hana kazi, utaucheza?" Akavuta kofia yake. "Ulikuwa wa kweli. Ungekuwa kelele, ungeniudhi kidogo tu."

Sefu akainuka akaenda nje. Nikadhani analia. Alirudi na kanda tupu kutoka kwenye begi lake, macho mekundu, akasema baba rudia. Mzee akakataa. Akasema arudie yeye, na safari hii asikimbie. Basi akafoka mume wangu, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, na mzee anagonga kiti, na kwenye ubeti wa tatu Mwanaidi akashindwa kujizuia, akaweka kiitikio cha kubembeleza juu yake. Sefu akamkunjia uso. Lakini hakuzima.

Mimi ndiye niliyeshika kitufe cha kurekodi. Aliniachia mimi.


Jumatatu, 11 Agosti

Tumerudi. Ndani ya basi wamegombana mwanzo wa safari mpaka mwisho. Mwanaidi anasema kiitikio chake ndicho kilichookoa wimbo. Sefu anasema kaugeuza sharubati. Nilipoagana na mzee nilimuuliza hukumu yake sasa ni ipi. Akasema ileile, gitaa halikuwepo.

Sefu kanishika mkono. Siyo mkono wa upole. Ule wake wa kawaida, wenye kubana.


Alhamisi, 14 Agosti

Kanda mpya iko rafu ya juu, nimeiandika mwenyewe. Vijino nimevivunja mimi.

Kanda ya Rehema ya nyimbo nane nimemrekodia. Kwanza nilichukua kuukuu moja, ya nani sijui. Siku hizi sirekodi kabla sijaisikiliza kanda nzima, pande zote mbili. Sefu anasema hivi tutamaliza oda mwakani. Lakini naye kaja akakaa.

Kwaya. Taarifa ya habari. Kimya kirefu. Halafu mwanamke anamwimbia mtoto kwa Kizigua, taratibu, anasahau maneno, anaanza upya.

Tumetazamana. Nimeiweka pembeni, nikachukua nyingine.